Nani Ameua Injini?

Iko methali moja ambayo natamani wasomaji wa jarida hili wanisaidie kuistaafisha, au walau kuipunguzia kazi. Methali yenyewe yasema kwamba mchagua jembe si mkulima. Nimeisikia ikitumiwa katika kumbi za semina, maofisini, gereji, na barazani kwetu Ifakara; na kila nilipoisikia, msemaji alikuwa ndiye mwenye jembe, na mwenye kuambiwa alikuwa ndiye aliyepewa jembe bovu. Sijapata kumsikia mkulima akimwambia mkulima mwenziwe.

Nimesukumwa kuandika na maneno ya mwenzangu mmoja, mtu mwenye elimu na heshima zake, ambaye katika mazungumzo juu ya wahadhiri wapya aliwafananisha na dereva chipukizi wa mashindano ya motokaa. "Dereva hodari," alisema, "huonekana hata katika gari bovu." Kisha akaitia methali yetu kama mtu agongaye msumari wa mwisho. Wasikilizaji wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, nakiri, kwa kuwa mkono huwa mwepesi kuliko akili. Lakini mchezo ule naufahamu kidogo, na nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nikaona kwamba mfano ule, ukichunguzwa, humgeukia aliyeutoa.

Tuuchunguze basi. Mwaka 2015 timu ya McLaren ya Uingereza, ambayo zamani ilipata ubingwa wa dunia kwa injini za Honda za Japani, ilirudiana na kampuni hiyo katika mashindano ya Formula 1. Matumaini yalikuwa makubwa, na matokeo yakawa aibu. Katika msimu huo wa kwanza timu ilipata pointi 27 tu, ikawa ya tisa katika timu kumi. Sababu haikuwa fumbo. Injini ya mashindano hayo wakati ule ilikuwa mtambo wa mchanganyiko: silinda sita zenye ujazo wa lita 1.6, turbo moja, na mitambo miwili ya umeme, mmoja ukivuna nguvu gari lifungapo breki, wa pili ukivuna nguvu ya moshi uendeshao turbo. McLaren ilitaka sehemu ya nyuma ya gari iwe nyembamba mno ili upepo upite vyema, na Honda ikajibana ili kuiridhisha: turbo ikaingizwa katika nafasi iliyo baina ya safu mbili za silinda, mahali padogo pasiporuhusu turbo kubwa. Turbo ndogo ikavuna nguvu ndogo, na gari likawa linaishiwa na umeme kabla ya kufika mwisho wa njia iliyonyooka, pale hasa ambapo wenzake humpita aliyechoka. Huko Suzuka, katika uwanja ulio mali ya Honda wenyewe, Fernando Alonso, bingwa wa dunia mara mbili, alilalamika katika redio ya gari, dunia nzima ikisikia, kwamba injini yake ilikuwa ya mashindano ya daraja la chini.

Zingatia, msomaji, kwamba Alonso alilichagua jembe waziwazi, tena kwa kelele. Hakuna aliyemwambia kwamba si mkulima. Bingwa ana ruhusa ya kulitazama jembe lake, mgeni hana.

Mgeni alikuja mwaka 2017. Jina lake ni Stoffel Vandoorne, kijana wa Ubelgiji, aliyekuwa bingwa wa daraja la chini ya hilo mwaka 2015 kwa tofauti kubwa ya pointi. Mwaka 2016 aliitwa ghafula Bahrain kushika nafasi ya Alonso aliyekuwa ameumia, akamaliza wa kumi na kuipatia timu pointi yake ya kwanza ya mwaka ule. Kama kuna dereva aliyeingia mlangoni akiwa na vyeti vyake mkononi, ni huyu.

Alipewa nini? Mwaka huohuo Honda ilikuwa imebadili muundo wa injini tangu msingi, na injini mpya ikaja na maradhi mapya. Katika majaribio ya kabla ya msimu, tangi la oili lililofanya kazi vizuri kiwandani likashindwa ndani ya gari. Maana kiwandani injini hufungwa mahali pamoja, haipindi kona wala haifungi breki, na oili haina sababu ya kukimbilia upande mmoja. Siku za majaribio zilikuwa nane tu, na madereva wawili waligawana gari moja. Siku ambayo injini imelala mezani kwa mafundi ni siku ambayo dereva hajifunzi. Katika mashindano ya pili China, gari la Vandoorne likafa njiani. Katika ya tatu Bahrain halikuweza hata kuanza. Mwezi wa Agosti, nyumbani kwao Ubelgiji, mbele ya ndugu na jamaa, injini yake ilibadilishwa vipande vingi kiasi kwamba, kwa mujibu wa sheria, aliadhibiwa kurudishwa nyuma nafasi 65. Uwanjani palikuwa na magari 20. Nimejaribu kuwaza mahali penyewe pa kuanzia, nafasi 65 nyuma ya mstari, nikaona labda ni katika mji wa jirani.

Na pamoja na hayo yote, mwishoni mwa mwaka kijana alikuwa na pointi 13 na bingwa alikuwa na pointi 17. Timu ikawa ya tisa tena katika timu kumi.

Mpinzani wangu ana hoja, na si vyema kuificha. Mwaka 2018 McLaren iliachana na Honda, ikachukua injini za Renault za Ufaransa. Alonso akapata pointi 50, Vandoorne 12, na katika kupigania nafasi za kuanzia Alonso alikuwa mbele yake mara 21 kati ya mara 21. Mwisho wa mwaka kijana akaondoka. Je, hapa si dereva? Naam, ni dereva kwa sehemu. Sisemi kwamba Vandoorne alikuwa sawa na Alonso. Wachache walikuwa sawa na Alonso. Lakini mwaka huohuo ndipo ilipodhihirika kwamba si injini peke yake iliyokuwa na ila: gari la McLaren lenyewe, lililosifiwa miaka mitatu kuwa miongoni mwa yaliyo bora isipokuwa injini tu, lilikuwa zito katika upepo, na wakubwa wa timu wakalazimika kukiri, mmoja wao akajiuzulu. Kwa hiyo wenye timu nao walikuwa wamekosea katika kumtafuta mwuaji. Walimwona Honda, hawakujiona.

Sasa tufike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Honda walipofukuzwa hawakuacha kazi. Mwaka 2018 walikwenda kwa timu ndogo ya Toro Rosso wakajifunza pasipo kelele. Mwaka 2019 wakaingia Red Bull, na mwezi wa Juni mwaka huo, huko Austria, injini yao ikashinda mikononi mwa Max Verstappen. Mwaka 2021 ikambeba hadi ubingwa wa dunia. Watu wote walisifu subira ya Wajapani, nami nawasifu. Lakini hebu tuhesabu. Injini ilipewa tangu 2015 hadi 2019, miaka minne na zaidi, ya kuvuja, kuungua na kufa hadharani, na muda wote huo iliitwa injini changa. Dereva alipewa misimu miwili, naye akaitwa dereva dhaifu. Chuma kilipewa utoto. Mtoto wa mtu hakupewa. Vandoorne mwenyewe alikwenda katika mashindano ya motokaa za umeme, na mwaka 2022 akawa bingwa wa dunia huko katika gari la Mercedes. Huenda faida mojawapo ya gari la namna hiyo ni kwamba halina injini ya kuuawa.

Hapo nimeligusa neno, na kwa kuwa kazi yangu ni lugha, nitakaa hapo kidogo. Fundi wa Kiswahili husema injini imekufa, kama asemavyo kwamba betri imekufa au saa imekufa. Ni usemi mwema: kitu kilikuwa na uhai wake, na uhai umekwisha. Lakini mwenye gari hasemi hivyo. Yeye husema, "Dereva ameniulia injini." Tazama jinsi sarufi ilivyofanya kazi ya hakimu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Kufa hakuhitaji mtendaji. Kuua hakuwezi kusemwa bila mtendaji. Na kuulia, kwa mnyambuliko wa kutendea, kumemleta na mdhulumiwa, naye ni mwenye mali. Katika neno moja tuna maiti, mwuaji na mfiwa. Kiswahili kina kitenzi kingine cha zamani, kufisha, kilicho cha ukoo mmoja na kufa, ambacho kingeweza kusemwa juu ya vumbi, joto, oili chafu au uzee. Lakini kitenzi hicho tumekiachia vitabuni. Gereji hatuna kitenzi kwa ajili ya kosa lisilo na mtu. Wanafunzi wangu huniuliza mara nyingi sarufi ina faida gani katika maisha. Nawajibu kwamba mshahara wa mtu waweza kupotea baina ya kufa na kuulia, na sisemi kwa mzaha.

Maana nimeliona. Mpwa wangu, kijana wa Ifakara, alipata kazi ya dereva mwaka 2018. Lori lilikuwa la kubeba mpunga kutoka vijiji vya upande wa Mlimba, ile njia ya Mbingu, Mngeta na Chita ambayo kila aliyeipita wakati wa masika huikumbuka kwa kiuno chake. Alikuwa mwepesi wa kujifunza, na mpenzi mkubwa wa mashindano ya motokaa; ndiye aliyenifundisha habari za Vandoorne, ambazo alizifuata katika simu yake, kwa kuwa kibanda cha kuonyesha mpira hakikukubali kuonyesha kitu kisicho na mpira. Alifanya kazi siku 19. Siku ya kumi na tisa, katika tope, lori likiwa na shehena kuliko kadiri yake, injini ilichemka, ikagonga, ikafa. Tajiri alisema neno moja, lile nililokwisha kulieleza. Kijana hakulipwa mshahara wa siku alizofanya, na akaambiwa kwamba anadaiwa.

Alinipigia simu akitaka nimsemee. Na mimi, mjomba mtu, daktari wa falsafa, mwalimu wa lugha, nilimjibu nini? Nilimwambia kwamba mchagua jembe si mkulima. Akanyamaza. Kisha akaniambia, "Shikamoo mjomba, nitakupigia baadaye," kana kwamba mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza; na hakupiga.

Likizo iliyofuata nilikwenda gereji. Fundi aliyelifungua lori lile alikuwa mzee ambaye hakuwa na haja ya kumpendelea mtu. Alinionyesha rejeta iliyozibwa kwa kutu na matope ya miaka. Akanionyesha kichwa cha silinda kilichokwisha kuchongwa mara nyingi hata hakikuwa tena na unene wa kushika gasketi. Thamostati ilikwisha kuondolewa zamani na haikurudishwa. Mwisho akanionyesha geji ya joto. Sindano ilikuwa imelala chini. Akaniambia kwamba ililala hivyo kabla kijana hajaajiriwa, na kabla ya dereva aliyemtangulia, na tajiri alijulishwa. Mtu alipewa chombo kisichoweza kumwambia kwamba kinaungua, kisha akalaumiwa kwa kutojua kwamba kinaungua. Nilisimama pale na methali yangu mfukoni.

Nataka sasa kuirudisha methali hiyo shambani, mahali ilikozaliwa, nione kama itatambuliwa. Bibi yangu alilima mpunga katika bonde la Kilombero maisha yake yote. Bonde letu lina ardhi za namna nyingi: chini, mafuriko yafikapo, udongo ni mweusi na mzito, ukilowa hunata kama ulimbo na ukikauka hupasuka, huku juu, kwenye miguu ya milima ya Udzungwa, udongo ni wa mchanga na mwepesi. Bibi alikuwa na jembe la huku na jembe la kule. Alipokwenda kununua jembe sokoni hakulichukua la kwanza. Alilipima uzito mkononi, alilitazama makali yake, aliligonga akasikiliza sauti yake, na muuzaji alingoja. Nani atathubutu kusema kwamba mwanamke yule si mkulima? Alichagua jembe kwa sababu alikuwa mkulima. Asiyechagua ni kibarua, ambaye hupewa lolote lililobaki ghalani. Na pengine methali yetu haikutungwa shambani hata kidogo, bali ilitungwa ghalani.

Historia ya mbio za magari katika Afrika Mashariki inamuunga mkono bibi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mashindano ya Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Ushindi wa kwanza aliupata katika Volvo ambayo haikuwa mpya, na wapo wautajao ili kuthibitisha kwamba dereva hodari hahitaji gari zuri. Husahau kutaja kwamba Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Alijua kila nati. Gari lile halikuwa bovu mikononi mwake, kwa kuwa alikuwa na ujuzi na mamlaka ya kulitengeneza. Kadhalika Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam aliyeiletea Tanzania ushindi mwaka 1966 na 1967, alishinda katika Peugeot 404 ambayo injini yake haikutumia kabureta bali ilipigwa petroli kwa pampu ya sindano. Nalo gari la namna ile lilikuwa tayari limezoeshwa barabara zetu. Na mwaka 1963, mvua ilipokuwa nyingi na magari 7 tu yakamaliza kati ya 84, hakuna aliyesema kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na madereva 77 wasiojua kazi. Watu waliitazama mvua.

Hata mlima wa kwetu umekwisha kutoa ushahidi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hupita Ifakara katika tambarare, kisha toka Mlimba huanza kupanda kwenda Makambako kwa madaraja na mahandaki mengi. Vichwa vya treni vya kwanza vilivyoletwa na reli hiyo vilikuwa na nguvu haba kwa mpando ule. Ustadi wa dereva haukuweza kuongeza hata nguvu ya farasi mmoja katika injini, na katika miaka ya 1980 shirika likaleta vichwa vyenye nguvu zaidi. Shirika la reli, ambalo halijulikani kwa falsafa, lilitambua kwamba mlima hupimwa na injini.

Narudi kwa mwenzangu na wahadhiri wake wapya. Kijana amemaliza shahada ya pili, hajakauka wino. Tunampa darasa lenye wanafunzi mia kadhaa, kozi tatu ambazo wakubwa wake wamezikimbia, chumba kimoja na wenzake wanne, na maktaba ambayo kitabu anachokitaka ndicho kilichoazimwa na mtu aliyekwisha kustaafu. Tunamwambia vilevile atafiti, aandike, na aanze shahada ya tatu. Mwaka wa pili tunakaa kikao kumjadili, na mimi nimekaa katika vikao hivyo. Lugha yetu pale ni ileile ya tajiri wa lori: amelishindwa darasa, ameiua kozi. Sijapata kusikia katika kikao kimoja swali la kwamba kozi ilikuwa hai alipokabidhiwa. Geji imelala, nasi tumejulishwa.

Wapo watakaosema kwamba ninawafundisha vijana visingizio. Hapana. Wapo madereva wazembe, na yupo mhadhiri asiyesoma. Hao wafukuzwe, ila wafukuzwe baada ya kuifungua injini. Ninalodai si kubwa: kabla ya kutamka kitenzi chenye mtendaji, chombo kifunguliwe, kitazamwe na mtu asiye na maslahi, na aliyekikabidhi aeleze alikikabidhi katika hali gani. Gereji kazi hiyo ilichukua asubuhi moja. Kikao chetu huchukua siku mbili na hakiifanyi.

Mpwa wangu sasa anaendesha pikipiki ya abiria mjini Ifakara, yake mwenyewe, na kila Jumapili huifungua plagi na kuisafisha mbele ya nyumba. Nilimwomba radhi, alicheka, akasema mjomba yamekwisha. Mshahara wa siku 19 haujalipwa. Lori lilitengenezwa likarudi barabarani, na nilipopita gereji mara ya mwisho mzee aliniambia kwamba linaye dereva wa nne tangu yeye, kijana mdogo kutoka Mang'ula. Nikamwuliza habari za geji. Akasema hiyo hakuambiwa aitengeneze.